Tuliza Boli, Tumbawe Lako Halijafa

Wasee, hii posti nimeiandika mara tatu na kuifuta mara tatu. Hii ni ya nne. Naianza na aibu yangu mwenyewe, ili msione kama nimepanda mimbari.

Mwaka jana mwezi wa nane niliweka klipu ya sekunde 40. Kichwa chake kilisema tumbawe lililopauka linaweza kurudisha rangi kwa siku 7. Kushoto, tumbawe jeupe pe. Kulia, tumbawe linang'aa kijani kama matatu ya Rongai usiku. Klipu ikatrendi. Kuna msee alinisimamisha tao akaniuliza kama mimi ndiye yule wa matumbawe, na nikajisikia mtu mkubwa sana.

Ilikuwa uongo. Tumbawe lilikuwa lile lile, ndio, lakini picha ya kwanza niliipiga chini ya taa nyeupe na ya pili chini ya taa ya buluu tupu. Matumbawe mengi yana rangi ambazo zikipigwa na mwanga wa buluu zinang'aa zenyewe, hata kama mnyama ana hali mbaya. Siku ya 7 tumbawe langu lilikuwa limepauka vile vile. Siku ya 15 lilikuwa limekufa, na hiyo siku ya 15 sikuiwekea klipu.

Wiki chache baadaye msichana mmoja wa Mombasa akaniandikia. "Kaka, nilifanya kama ulivyosema kwenye video. Niliongeza taa, nikatia na ile dawa. Limekwisha." Akatuma picha. Mfupa mtupu, umeanza kuota mwani wa kijani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwa hivyo leo nina ugomvi, na wa kwanza ni na mimi. Wa pili ni na kila mtu anayewauzia kitu cha haraka: chupa, mwanga, ujanja wa siku saba, kwa mnyama ambaye hajui haraka ni nini. Na wa tatu ni na nyinyi, wenye kutazama klipu hizo, mnaoona tumbawe jeupe Jumatatu na kufikia Ijumaa mmeshalitupa kwa pipa.

Kama umefika hapa kwa kupotea njia, wacha nikupe stori kwa ufupi. Tumbawe si jiwe na si mmea. Ni mnyama, ukoo mmoja na wale wa baharini walio laini kama uji, wanaokuwasha ukiwagusa ukiogelea. Kipande kimoja mara nyingi ni kundi la vijinyama vingi vilivyoshikana, kila kimoja na mdomo wake na vidole vyake vya kukamatia chakula. Ndani ya nyama yao kunaishi mwani wa chembe moja, mamilioni kwa mamilioni. Hao ni wapangaji wanaolipa kodi kwa sukari. Wanatumia mwanga kupika, na chakula wanachompa mwenye nyumba kinaweza kufika asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Ile rangi ya kahawia unayoiona kwa matumbawe mengi ni yao.

Joto likipanda kupita kiasi, hasa likiwa na mwanga mkali, mitambo ya huyo mwani inaharibika. Badala ya chakula inaanza kumwaga aina ya oksijeni inayounguza. Mwenye nyumba anafukuza wapangaji. Nyama inabaki bila rangi, unaona ndani kama kioo, na nyuma yake kuna mfupa mweupe wa chokaa. Huko ndiko kupauka.

Nyama inabaki. Hapo ndipo watu wote wanaruka, na hapo ndipo stori yote ilipo. Tumbawe lililopauka liko hai na lina njaa. Limepoteza jikoni lake, halijapoteza uhai wake, na lina akiba ya mafuta mwilini ya kulisukuma wiki kadhaa. Wiki hizo ndizo unazopewa. Watu wengi wanazimaliza kwa kulisumbua.

Utajuaje kama liko hai? Subiri usiku, zima pampu, chukua tochi ya simu, sogea karibu na kioo. Ukiona ngozi laini, mdomo, vidole vinachungulia, huyo yupo. Aliyekufa hana ngozi. Mfupa wake una makali, na baada ya siku chache mwani wa kawaida, ule unaoota kwa ndoo iliyosahaulika juani, unamfunika. Kuna na kitu cha tatu ambacho watu wanachanganya na kupauka: ngozi kubanduka vipande vipande, mara nyingi kuanzia chini, ikielea kama tishu iliyoloa. Hiyo inaweza kumaliza tumbawe kwa usiku mmoja, na hapo ndio, kimbia, kata sehemu nzima uiokoe. Lakini kama ngozi ipo na ni nyeupe tu, hakuna cha kukimbilia.

Yangu ilianza na hita. Julai, Nairobi. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na usiku wa Julai mnaujua, kwa hivyo hita kwa tangi la lita 200 haipumziki. Nilienda ushago Ijumaa, nikarudi Jumatatu jioni. Kile ambacho hakuna mtu aliniambia siku nanunua hita ya bei ya kutupa ni kwamba zikiharibika, mara nyingi zinakwama zikiwa zimewaka. Nilifungua mlango wa keja nikakutana na harufu nzito ya bahari. Kipimajoto kilisoma 31.5. Tangi langu limezoea 25.5.

Siku hiyo matumbawe yalikuwa yamejikunyata tu, nikadhani nimeponea. Siku ya tano Montipora ikaanza kufifia. Siku ya tisa tumbawe langu la ubongo, lile lenye mikunjo, lilikuwa jeupe kama chaki ya darasani.

Sasa tazama venye nilijimaliza. Kwanza, Jumatatu ile ile, nilitia barafu. Barafu ya friji, moja kwa moja ndani ya maji, tangi likashuka kutoka 31 hadi 24 kabla sijamaliza chai. Mnyama ametoka kuchemshwa, mimi nikamgandisha. Joto lilipaswa kushuka polepole, kwa saa nyingi, na kazi hiyo inafanywa na feni ya mezani tu, ile unayowasha ukilala. Ikipuliza juu ya maji yaliyo wazi, yanapungua nyuzi 2 au 3 kwa kuvukizwa. Mombasa hewa imejaa unyevu kwa hivyo hayashuki sana kama huku, lakini yanashuka. Unajazia maji yaliyopungua kwa maji matamu yaliyochujwa, usijazie ya chumvi, kwa sababu chumvi haivukizwi, imebaki mle ndani.

Halafu nikapandisha taa hadi asilimia 100. Mantiki yangu, na ya yule jamaa wa video niliyemwiga: mwani unahitaji mwanga, kwa hivyo mwanga mwingi utarudisha mwani mwingi. Inaonekana sawa hadi ukumbuke kwamba mwanga mkali ndio uliokuwa unasaidia joto kuua jikoni. Tena ile rangi iliyoondoka ilikuwa kivuli chake. Ni sawa na kumchukua mtu aliyeungua jua, umtoe shati, umrudishe juani ili apone.

Halafu chupa. Sitaitaja. Ilikuwa 3,500, na kwa karatasi yake imeandikwa vitamini, amino na iodini. Mimi si mtu wa kusema kila kilicho kwa chupa ni sumu. Lakini nilikuwa namwaga kipimo cha siku mbili kwa siku moja, bila kupima chochote, ndani ya maji ambayo tayari yalikuwa yametikisika. Baada ya chupa nikabadilisha nusu ya maji yote kwa siku moja. Baada ya hapo nikatoa tumbawe la ubongo nikalichovya kwa iodini, dawa ambayo watu huitumia kwa vidonda na maambukizi. Lilikuwa na kidonda? Zii. Lilikuwa na njaa tu.

Hesabu mwenyewe: joto, baridi, jua, kemikali, maji mageni, dawa. Siku kumi na kitu. Na katika siku hizo hizo ndipo nikapata wakati wa kupiga picha mbili na kuzibandika pamoja.

Montipora ilipokufa ndipo nikaenda kwa mzee mmoja huku Nairobi anayefuga matumbawe tangu mimi niko nasari. Ndiye aliyenikatia vipande vyangu vya kwanza kutoka kwa matumbawe aliyokuza mwenyewe. Nilimpelekea orodha ya kila nilichotia. Aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia. "Kijana wangu, toa mkono kwenye maji."

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Nilikasirika kidogo, maanake nilitarajia angalau jina la kitu cha kununua.

Nilirudi nyumbani nikashusha taa kutoka asilimia 100 hadi 35, na saa za mwanga mkali kutoka 9 hadi 6. Giza kabisa hapana, mwani uliobaki unahitaji kitu cha kuanzia, na uliobaki upo, hata tumbawe jeupe pe mara nyingi limebakisha chembe chache. Hita nikatoa, nikaweka mbili ndogo badala ya moja kubwa, ili moja ikikwama isiweze kuchemsha tangi peke yake, na zote zinapitia kifaa cha pembeni kinachokata stima joto likifika 26.5. Hicho kifaa kilinigharimu chini ya ile chupa. Wacha hiyo iingie.

Kisha nikaacha kila kitu kikae pale pale. Chumvi 35 kwa elfu. Alkalini, ile matumbawe wanaitumia kujenga mfupa, kati ya 8 na 9, na leo isitofautiane sana na jana. Watu wanapigania namba kamili kana kwamba kuna mtihani. Tumbawe litaishi kwa 7.5 na litaishi kwa 10, ila usilipeleke kutoka moja hadi nyingine kwa usiku mmoja.

Na hapa nina neno na wale ndugu zangu wa maji safi, maana nilikuwa mwenyekiti wenu. Nilikuwa najisifu naitreti yangu ni sifuri na fosfeti yangu ni sifuri, maji yanang'aa kama kioo cha benki. Kumbe nilikuwa nafuga njaa. Mwani wa ndani ya tumbawe unahitaji vyote viwili, kidogo. Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha mwaka 2013 kwamba tumbawe likikaa kwa maji yenye naitreti nyingi lakini fosfeti haba, linapauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vikipanda. Yaani huwezi kumwaga dawa ya kuondoa fosfeti hadi iishe, halafu ushangae. Tangi langu sasa lina naitreti kama 5 na fosfeti inayopimika, na kioo kinaota mwani kidogo ambao naufuta Jumamosi. Si tangi la kupiga picha. Wakazi wake wananenepa.

Hao hao wa Southampton walitoa kitu kingine mwaka 2020 ambacho kila mtu mwenye kamera angepaswa kubandika ukutani. Kuna matumbawe ambayo joto likiyasumbua kwa kiasi, hayawi meupe. Yanageuka waridi kali, zambarau, buluu ya umeme. Uzuri wa kupindukia. Ile rangi ni kinga ya jua ambayo mnyama anaitengeneza kwa sababu kivuli chake kimeondoka, ili mwani upate pahali pa kurudi bila kuungua. Filamu ya Chasing Coral ya 2017 inaonyesha miamba ya New Caledonia ikiwaka hivyo, na ni matumbawe yanayotaabika. Sasa fikiria huku mtandaoni. Msee anaona tangi lake limelipuka rangi wiki hii, anaposti, anapata laiki elfu mbili na swali moja tu kwa komenti: taa gani hizo buda? Hakuna anayeuliza kipimajoto kinasema nini. Si kila rangi kali ni kilio, kuna matumbawe yanayozaliwa yakiwaka. Lakini kama jana yalikuwa ya kahawia na leo ni neon na hujui kwa nini, weka simu chini kwanza uende kupima joto.

Tukija kwa chakula, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ambayo klipu zote zinairuka. Haina sinema. Ni kazi ya usiku, ya polepole, na inanuka.

Tumbawe lililopoteza jikoni bado lina mdomo. Mwaka 2006 Andréa Grottoli na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Hawaii, ambapo aina moja, Montipora capitata, ilipopauka iliongeza ulaji wake hadi ikatosheleza mahitaji yake ya kila siku kwa kukamata vidudu vya majini tu. Aina mbili za Porites walizozilinganisha nazo hazikuweza. Kwa hivyo si kila tumbawe litakula kwa bidii sawa, na yale yenye midomo mikubwa kama ubongo wangu ni rahisi kulisha kuliko yenye vitundu vya sindano. Lakini ni lazima ujaribu.

Venye nafanya: saa moja baada ya taa kuzima, vidole vikishatoka, nazima pampu. Nina sirinji ya plastiki isiyo na sindano. Ndani naweka artemia, wale uduvi wadogo sana wanaoanguliwa kutoka mayai makavu ya kopo, au kama sina, kipande cha kamba mbichi asiye na chumvi wala viungo, saizi ya punje ya mchele. Nakiacha kidondoke juu ya mdomo bila kukirusha. Kisha nasubiri dakika 20 nikiwa nimekaa sakafuni kama mlinzi. Usiku wa kwanza ubongo haukushika kitu, kamba akateleza akaliwa na kaa. Usiku wa pili vile vile. Wa tatu nilimfunika kwa nusu ya chupa ya soda iliyokatwa ili kaa asimfikie, na nikaona ngozi inajikunja polepole, polepole sana, ikimeza. Nilipiga kelele jirani akagonga ukuta.

Mara tatu kwa wiki inatosha. Kilichobaki unakinyonya na sirinji, kwa sababu chakula kinachooza ndani ya tangi kinaleta amonia na utakuwa umerudi pale pale. Pampu uwashe tena, maji yatembee vizuri lakini yasilipige kofi usoni.

Kitu cha pembeni, maana kuna mtu atashika kila kitu kwa mikono leo: kama una zile zoanthidi, zile ndogo kama vifungo vya shati, vaa glavu na ulinde macho. Nyingine zina palitoksini, sumu mbaya kweli, na watu wamelazwa hospitali kwa kuchemsha au kusugua mawe yenye hizo wadudu ndani ya nyumba. Usichemshe jiwe la tangi. Basi.

Ubongo wangu ulikaa mweupe wiki sita. Sita, wasee. Kila asubuhi naamka naangalia, hakuna kitu. Taa nilikuwa napandisha asilimia 5 kwa wiki, na wiki nisiyoona badiliko sikupandisha. Wiki ya saba nikaona kama uchafu kwenye mikunjo. Nikaenda na tochi. Ilikuwa kahawia. Kahawia chafu, kama maji ya kuoshea brashi ya rangi, na ndiyo rangi nzuri zaidi nimewahi kuona kwa tangi langu, kwa sababu ni wapangaji wamerudi. Kijani na waridi zilikuja Desemba. Hapo sasa ndio ungeweza kupiga klipu, na ingekuwa ya miezi mitano, na nani angeitazama?

Najua kuna wa kuniambia, "Bro, hiyo ni hobby ya watu wenye doo. Likifa nunua lingine." Nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Haya, linatoka wapi hilo lingine? Matumbawe magumu yote yako kwa Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila karatasi. Na kwa hifadhi zetu za baharini, Watamu, Malindi, Mombasa, Kisite, kung'oa hata kipande ni kosa. Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, kabla wazazi wa wengi wenu hawajazaliwa. Na bado kuna watu wanaonong'ona kwa komenti eti kuna kijana fulani anaweza kukutolea moja usiku. Huyo kijana akikamatwa, wewe uko Kilimani umeblock namba yake.

Na hata tukiacha sheria. Mwaka 1998 bahari yetu ilichemka na sehemu nyingi za miamba ya Kenya zikapoteza nusu au zaidi ya matumbawe hai. 2016 yakapauka tena. Tarehe 15 Aprili 2024 shirika la NOAA la Marekani likatangaza kupauka kwa dunia nzima, mara ya nne katika kumbukumbu, na Kenya na Tanzania zilikuwa kwenye orodha. Wavuvi wa Wasini waliyaona hayo matumbawe meupe chini ya ngalawa zao na hawakuwa na la kufanya. Hakuna kifaa cha kukata stima ya bahari. Huwezi kuishusha taa hadi asilimia 35, huwezi kuiwekea feni, huwezi kulisha mwamba wa kilomita nzima kwa sirinji.

Wewe unaweza. Una kila swichi ambayo yule mvuvi angetamani kuwa nayo, ndani ya lita 200, ukiwa na soksi. Halafu unatupa tumbawe hai kwa pipa kwa sababu lilikuwa jeupe kwa wiki moja na halikukupa klipu. Hapo ndipo nakasirika, na nakasirika nikijua pipa langu pia limewahi kubeba.

Ile klipu nimeifuta. Kuna walionishauri niiache na kuandika marekebisho chini, lakini nani husoma chini? Chupa niliyokuwa naionyesha ndani ya klipu, waliokuwa wanaiuza walikuwa wamenitumia nyingine mbili bure baada ya kutrendi. Ziko kwa kabati hapo na hazijafunguliwa.

Yule msichana wa Mombasa nilimwomba msamaha mwezi wa kumi. Alinijibu kwa neno moja, "Sawa," na nikajua nimepoa kwake. Halafu mwezi wa tatu mwaka huu, joto la Mombasa likiwa kileleni na stima zikipotea kila mchana, akaniandikia tena. Kipande kipya, alichokatiwa na mfugaji mwenzake. Tangi limefika 30.8. Kipande ni cheupe.

Nilimwambia feni. Nilimwambia ashushe taa, aongeze maji matamu, alishe usiku, asinunue chochote. Akauliza, "Na dawa?" Nikamwambia hakuna. Akauliza tena siku mbili baadaye, kama vile pengine nimesahau. Namwelewa kabisa.

Leo ni wiki ya nne. Jana usiku alinitumia picha, imetingishika, imepigwa kupitia kioo kwa tochi. Kwenye ukingo wa kushoto kuna kitu cha kahawia, au ni kivuli cha kidole chake. Nimeikuza hadi ikawa vidoto tu. Nimemwambia asipandishe taa bado.